Daktari na Bakuli la Matufaha

Soma Mwanzo 1:29 na Danieli 1:8–16.

Maximilian Bircher alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Aarau, nchini Uswisi. Alisomea utabibu, na mwaka 1891 akaanza kazi ya udaktari mjini Zürich. Alipooa, aliunganisha jina lake na la mkewe, Elisabeth Benner, na kwa jina hilo la Bircher-Benner ndivyo anavyojulikana.

Madaktari wengi wa siku zile waliamini kwamba nguvu hutoka hasa katika nyama, na kwamba matunda mabichi yana faida ndogo. Lakini inasimuliwa kwamba daktari huyu kijana alishikwa na ugonjwa wa manjano, akashindwa kula chochote. Mkewe akamtilia kinywani kipande cha tufaha bichi, nacho kikakaa tumboni. Akaendelea kula matufaha, na hamu ya chakula ikarudi. Baadaye alimtibu mwanamke ambaye tumbo lake lilikataa chakula kilichopikwa. Akathubutu kumpa vyakula vibichi, na mgonjwa akapata nafuu.

Mwaka 1900 alisimama mbele ya madaktari wenzake wa Zürich kueleza aliyoyaona. Walimkataa, wakamhesabu kuwa mtu aliyetoka nje ya mipaka ya sayansi. Angeweza kunyamaza na kulinda heshima yake. Badala yake, mwaka 1904 alifungua nyumba ya wagonjwa kwenye kilima cha Zürichberg. Hapo wagonjwa, wakiwemo matajiri, walilala mapema, walitembea asubuhi, na kuacha pombe na tumbaku.

Mezani walipewa bakuli la kawaida kabisa. Kijiko kimoja cha oti kililowekwa usiku kucha katika maji kidogo. Kikaongezwa maji ya limau na kijiko cha maziwa mazito ya kopo. Kisha matufaha mawili au matatu madogo yakakwaruzwa pamoja na maganda yake, yakikorogwa papo hapo ili yasigeuke rangi. Juu yake ikanyunyizwa lozi iliyosagwa. Chakula hicho ndicho kilichozaa muesli inayouzwa leo duniani kote, ingawa katika pakiti nyingi nafaka ndiyo nyingi na tunda ni kidogo. Kwake tunda lilikuwa chakula chenyewe.

Si yote aliyofundisha yaliyokuwa sahihi. Alidhani mimea hutunza nguvu ya jua ambayo moto wa jikoni huipunguza, na sayansi haikulithibitisha wazo hilo. Hata neno vitamini lilikuja mwaka 1912, miaka mingi baada ya bakuli lake. Maelezo yake yalikuwa na kasoro, lakini thamani ya matunda na njugu imethibitika. Alifariki mwaka 1939.

Daktari huyu alikubali kufundishwa na ugonjwa wake mwenyewe, na mkewe, na mgonjwa aliyeshindwa kumponya kwa njia alizozizoea. Hilo si jepesi kwa mtu aliyesoma.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni nani karibu nawe ambaye huenda ana jambo la kukufundisha, lakini cheo au elimu yako inakuzuia kumsikiliza?

2. Danieli aliomba ajaribiwe kwa siku kumi. Ni badiliko gani dogo mezani pako unaloweza kulijaribu juma hili?