John Kirk, munganga aliyejua sandarusi inatoka wapi

Ndugu wachimbaji, mama zetu na watoto, leo tunawaletea maisha ya John Kirk. Wengi wanamjua kama konsuli wa Waingereza kule Zanzibar. Sisi tunamtazama upande mwingine: alikuwa mtu wa miti, na alichunguza hata kitu kinachochimbwa.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea unganga Edinburgh. Mwaka 1858 alienda na Livingstone kwenye mto Zambezi, kama munganga na mjuzi wa mimea. Alikusanya mimea, akaikausha, akaandika na kuchora. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Yeye alipona, lakini madaftari yake na michoro ya miti ya matunda vilienda na maji. Hakurudi kwao, aliendelea na kazi mpaka 1863.

Mwaka 1866 alifika Zanzibar. Mwaka 1873 yeye njo alimsukuma Sultani Barghash, manowari za Waingereza nyuma yake, mpaka soko la watumwa likafungwa. Watu wa Maniema pia walikuwa wanauzwa pale. Huko Mbweni alipanda bustani yenye miti ya nchi mingi, na mimea alituma bustani ya Kew, London.

Sasa tufike kwenye sandarusi. Ni utomvu wa mti uliolala chini ya udongo miaka mingi sana mpaka ukawa mgumu sawa jiwe. Ulaya na Marekani walikuwa wanautengenezea vernisi. Watu wa pwani waliuchimba kwa vishimo vidogo, mara mingi mahali pasipo na mti wake hata moja. Wazungu wakabishana: unatoka wapi? Kirk akalinganisha, akaonyesha kwamba msandarusi ungali unaishi karibu na bahari, na ile ya udongoni ni ya misitu ya zamani iliyokwisha. Akatenganisha aina tatu: ile ya mtini, ile changa inayookotwa kwenye mizizi, yaani chakazi, na ile iliyoiva, ambayo ikioshwa inaonyesha ngozi ya vipele. Hii ya mwisho njo ilikuwa na bei.

Kirk alifariki mwaka 1922. Kazi yake tunaiheshimu. Lakini tujiulize: nani alimwonyesha? Majina sandarusi na chakazi si ya London, ni ya watu wa pwani wenyewe. Wachimbaji walijua, ila hawakuandika. Jina lililobaki kitabuni ni la Kirk, na faida ilibaki kwa wafanyabiashara.

Kwa hiyo, ndugu, kila kikundi kiwe na daftari lake. Tuandike shimo, siku, kilo, na aina ya jiwe, mbele ya kufika kwa negosian. Mwenye kujua kitu chake na kukiandika, haambiwi paka bei yoyote.