Bwana Kekulé na Pembe Sita

Nilipokuwa mwanafunzi Mbale, kitu nilichokichukia kupita vyote katika somo la kemia kilikuwa kile kipande chenye pembe sita. Mwalimu alikichora ubaoni nasi tukakinakili, wala sikujua kama ni chumba cha nyuki au nati ya baiskeli. Nilikielewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafanya kazi Jinja, kwa sababu ya ndugu yangu mkubwa. Lakini kwanza nieleze habari za bwana aliyekifikiri.

August Kekulé alizaliwa Darmstadt, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 7 Septemba 1829. Mwaka 1847 aliingia chuo kikuu cha Giessen kusomea uchoraji wa majumba. Huko akamsikia Profesa Liebig akifundisha kemia, akayaacha majumba. Mimi naona hakuyaacha hasa, maana aliendelea kuchora maisha yake yote, ila matofali yake yalikuwa madogo mno yasionekane kwa macho.

Siku zile wataalamu waliweza kupima kitu kimefanywa kwa nini na kwa kadiri gani, lakini jinsi sehemu zake zilivyoshikana ilikuwa fumbo. Mwaka 1858 Kekulé alieleza kwamba kaboni ina mikono minne, na kwamba kaboni huweza kushikana na kaboni nyingine zikawa mnyororo. Mwaka huohuo Mskoti mmoja, Couper, alifikia neno hilo kwa akili yake mwenyewe. Sifa zilimwendea Kekulé zaidi, na sidhani kwamba ilikuwa haki yote.

Akaenda kufundisha Ghent, Ubelgiji. Huko alioa, na mwaka 1863 mkewe akafariki baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Miaka miwili baada ya msiba huo, yaani 1865, akatoa maelezo yake juu ya benzini, kitu alichokigundua Faraday mwaka 1825. Benzini ina kaboni sita na haidrojeni sita tu, nazo ni chache mno kwa mnyororo ulionyooka. Kekulé akasema mnyororo umejifunga ukawa pete. Mwaka 1890, katika sherehe mjini Berlin, alisimulia kwamba alikuwa akisinzia karibu na moto akaona nyoka anajiuma mkia. Wako wasiosadiki ndoto hiyo. Hata kama aliota, alikuwa ameisumbukia kazi hiyo miaka mingi akiwa macho.

Tangu 1867 alifundisha Bonn, mpaka alipofariki tarehe 13 Julai 1896. Katika wanafunzi wake, van 't Hoff, Fischer na Baeyer walipata tuzo ya Nobel mwaka 1901, 1902 na 1905.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu. Alikuwa akiendesha lori la saruji usiku kutoka Tororo hadi Jinja, akitafuna mairungi asisinzie. Siku moja mtu akamwuzia vidonge, akamwambia ni majani yaleyale yaliyosagwa. Hakulala siku mbili, moyo ukamwenda mbio, akalazwa. Walipompima wakasema ni amfetamini. Akaniuliza kama si kitu kimoja na mairungi.

Nikachukua karatasi. Nilichora pembe sita mara mbili. Kila pembe ni kaboni, ingawa herufi yake haiandikwi. Kila moja nikaitia mkia wa kaboni tatu, na kwenye kaboni ya katikati ya mkia nikaweka naitrojeni. Mpaka hapo ni mapacha. Kisha katika mchoro wa kathinoni, dawa ya mairungi iliyojulikana mwaka 1975, nikaongeza oksijeni kwenye kaboni ya mkia iliyo karibu na pete. Amfetamini, ambayo Edeleanu aliitengeneza Berlin mwaka 1887, haina oksijeni hiyo. Kwa hiyo huingia kwenye ubongo kwa urahisi zaidi na kukaa mwilini muda mrefu zaidi. Tena kathinoni hupungua jani likikauka, ndiyo maana vifurushi hufungwa kwa majani ya migomba na kukimbizwa sokoni. Kidonge hakinyauki, wala anayekimeza hajui amemeza kiasi gani.

Ndugu yangu aliitazama michoro ile kwa muda mrefu, kidole chake kikiwa juu ya oksijeni. Akaikunja karatasi akaitia katika mfuko wa shati. Siku hizi anaendesha mchana tu.