Habib Swaleh, aliyewafungulia watoto wa pwani mlango wa Maulidi

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Holili hahitaji kalenda kujua kwamba Krismasi imekaribia. Anaiona kwenye mzigo: maputo, magauni ya watoto, pipi za mifuko mikubwa, viatu vidogo vinavyong'aa. Lakini ukipanda mashua Lamu ukaelekea kaskazini, ukaviacha nyuma Kiwayu na Kiunga, ukaipita Ras Kamboni na kuingia kwenye mlolongo wa visiwa vya Wabajuni, Chovai, Chula, Koyama, mpaka Kismayo, msimu huo unabadilika jina na tarehe. Huko mtoto anayekosa usingizi kwa furaha anasubiri Idi, au anasubiri Maulidi, sherehe ya mazazi ya Mtume Muhammad (S.A.W.), katika mwezi ambao watu wa pwani wanauita Mfunguo Sita.

Vinavyonunuliwa havitofautiani sana. Kanzu mpya ya mtoto wa kiume, kofia, hina ya mikono ya wasichana, halua, udi, marashi. Mwaka 2015 sikukuu hizo mbili zilifuatana siku kwa siku mwishoni mwa Desemba, jambo linalotokea mara chache.

Maulidi haya ya pwani ya kaskazini, yenye matari, bendera na watoto mbele ya zefe, hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Yalifanywa hivyo na watu, na aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni mtu wa Ngazija aliyehamia Lamu akiwa kijana: Sayyid Swaleh bin Alwi Jamalilail, ambaye pwani nzima inamjua kwa jina la Habib Swaleh.

Alizaliwa kisiwani Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake ulitoka Hadhramaut, nchi kavu ya Kusini mwa Arabuni ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikitoa wanazuoni na wachuuzi kwa pamoja. Jamalilail walifika Pate kwanza, na tawi moja likashuka kwenda Komoro. Kwa hiyo kijana huyo alipopanda jahazi kwenda Lamu alikuwa anapita njia ambayo babu zake waliipita, ila yeye aliipita kwa kurudi nyuma. Lamu alikuwako jamaa yake, Sayyid Ali bin Abdalla Jamalilail, mwanazuoni aliyeheshimika, na nyumbani kwake ndiko alikoanza kusoma. Alisoma pia kwa Mwenye Mansab, yule mwanachuoni na mshairi aliyeyatia Maulidi ya Barzanji katika mashairi ya Kiswahili.

Lamu ya wakati ule ilikuwa na mgawanyiko unaoonekana kwa macho. Mkomani, upande wa kaskazini, zilikuwa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na familia za kiungwana zilizohesabu nasaba zao vizazi kwa vizazi. Langoni, upande wa kusini, zilikuwa nyumba za udongo na makuti. Huko walikaa wageni: Wangazija, Wahadhrami maskini waliobeba mizigo na kuuza maji, watu wa visiwani na barani waliokuja kutafuta riziki. Pamoja nao walikuwako watumwa, na baadaye waliokuwa watumwa, maana utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907.

Mgawanyiko huo ulimfikia mtoto mapema. Mtoto wa Mkomani aliketi mbele ya mwalimu na alitarajiwa siku moja kusoma vitabu vikubwa. Mtoto wa mtumwa alitarajiwa kujua namna ya kusali, basi. Siku ya Maulidi tofauti hiyo ilionekana zaidi. Maulidi yalisomwa kwa Kiarabu na kwa utulivu, wenye heshima zao wakiwa wameketi ndani kulingana na vyeo vyao. Wengine walikuwa na ngoma zao, zikipigwa mbali na msikiti, na wanazuoni wengi waliziona ngoma hizo kuwa upuuzi au dhambi. Mtoto wa Langoni aliyetaka kuiona sikukuu aliiona kwa kuchungulia.

Swaleh alikuwa sharifu, mwenye nasaba ambayo Mkomani wasingeweza kuidharau. Angeweza kukaa upande huo akapata mke, cheo na wanafunzi wa kutosha. Alichagua Langoni. Akajenga kibanda cha kusomeshea pembezoni mwa mji na kuwakaribisha waliokuwa hawana mwalimu: watoto wa watumwa, Wangazija, Wahadhrami wa tabaka la chini, Wabajuni na yeyote aliyefika. Alijulikana pia kwa uganga wa dua. Wagonjwa walimwendea, na mama aliyekuja na mtoto mwenye homa mara nyingi alirudi tena akimleta mtoto huyo huyo kusoma.

Kibanda kile ndicho kilichozaa Msikiti wa Riyadha, uliojengwa kati ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne ya 20 kwenye kiwanja cha wakfu. Jina lina maana ya mabustani, na lilifuata jina la msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, alikokuwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanazuoni ambaye Swaleh alimfuata kwa mapenzi makubwa. Ni kutoka kwa al-Habshi kilikokuja kile kilichobadilisha sikukuu: Maulidi mapya, yanayoitwa Simtud-Durar, ambayo watu wa pwani wanayaita tu Maulidi ya Habshi.

Tofauti yake na Barzanji haikuwa katika maneno peke yake. Maulidi ya Habshi yalisomwa pamoja na kasida na matari, tena msikitini. Kwa mtoto wa miaka saba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mafunzo yote. Mahali alipokuwa akiambiwa anyamaze, sasa palikuwa na mdundo. Wavulana walipewa matari wajifunze kuyapiga, wakapangwa mistari miwili wakielekeana, wakifundishwa kuinama na kuinuka pamoja kwa kufuata kasida. Tari ya ngozi ya mbuzi huoteshwa moto kwanza ili ikaze itoe sauti. Mtoto anayepewa kazi hiyo anajiona mtu mzima.

Upinzani ulikuja haraka, na haukutoka kwa wajinga. Wanazuoni waliosoma vizuri walisema ngoma haina mahali msikitini, na kwamba ibada imegeuzwa mchezo. Baadhi ya masharifu wenzake waliona aibu kwamba mtu wa nasaba yao anakaa na waliokuwa watumwa na kuwafundisha watoto wao. Hoja ya kwanza ilikuwa ya dini na ilistahili kujibiwa kwa dini; Habib na wenzake waliijibu wakitaja kwamba matari yalijulikana tangu enzi za Mtume. Hoja ya pili ilikuwa ya cheo, ikivaa nguo ya ile ya kwanza. Mtu akisoma habari za ugomvi ule leo ni vigumu asione kwamba ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Habib hakuzifukuza hata zile ngoma za nje. Uta, iliyokuwa ngoma ya watu wa chini, ilipata mahali pake katika Maulidi ya Riyadha, ikiimbwa kwa maneno ya kumsifu Mtume. Pamoja nayo zikaja goma, watu wakicheza polepole kwa bakora, na kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao Wabajuni wanaupenda. Hapo mtoto wa Kibajuni aliyeletwa na baba yake aliuona mchezo wa kwao ukichezwa mbele ya umati wa kila kabila, kwenye uwanja wa msikiti mkubwa.

Maana wageni walianza kuja kutoka mbali. Maulidi ya Riyadha yaliwekwa kwenye wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, baada ya watu kusoma Maulidi kwao kwanza. Huo ulikuwa mpango wa busara ambao kila mwenye biashara atauelewa. Aliyesoma Maulidi kijijini kwake tarehe 12 alikuwa na siku za kutosha kufunga mzigo, kusubiri upepo na kufika Lamu kabla ya Alhamisi ya mwisho. Majahazi yalitoka Mombasa, Malindi, Unguja na Komoro, na mengine yalishuka kutoka pwani ya Kismayo.

Safari ya upande huu wa kaskazini ilitegemea mwaka. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa jua, na upepo haurudi nyuma nao. Mwaka 1912 Mfunguo Sita uliangukia Februari na Machi, kaskazi ikiwa bado inavuma. Jahazi la Koyama lingeteremka Lamu na upepo nyuma yake, lakini kurudi ndiko kulikokuwa na subira. Mwaka 1935 uliangukia Juni, kusi likiwa na nguvu zake zote, na mtu wa Kismayo aliyetaka kufika Lamu ilimbidi apambane na bahari kwenda, kisha arudi kwao akiteleza. Nahodha alijua hesabu hiyo, na ndiye aliyeamua kama watoto wanachukuliwa safari hii au wanabaki na mama zao.

Hakuna aliyesafiri mikono mitupu. Kutoka Kismayo na visiwani zilishuka samli, ngozi na papa mkavu. Kutoka Lamu zilipanda nafaka, nguo, kofia za kushonwa kwa mkono na halua. Mtoto aliyebaki kisiwani aliipata sikukuu kupitia vitu hivyo. Halua haiharibiki upesi, ndiyo sababu ilifaa kuwa tunu ya safari; ilifika Chovai au Chula na ladha yake, ikakatwa vipande vidogo kuliko alivyotaka mtoto. Kofia ilidumu zaidi. Ilivaliwa Maulidi, ikafuliwa, ikawekwa, ikavaliwa Idi, na kichwa kilipokua ikapewa mdogo wake.

Wakati Habib Swaleh anahamia Lamu, pwani yote hiyo ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, angalau kwa jina. Mwaka 1875 hata Wamisri walitua Kismayo wakitaka kuichukua, kisha wakaondoka baada ya miezi michache. Waingereza wakafuata. Halafu, Habib akiwa mzee, ukaja mpaka. Uingereza ilikuwa imeiahidi Italia ardhi kama malipo ya kuingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1925 Jubaland ikakabidhiwa pamoja na Kismayo na visiwa vya kaskazini mwa Ras Kamboni. Wabajuni waliamka wakiwa raia wa nchi mbili: wa Kiunga na Faza upande wa Kenya wakitumia shilingi, wa Chula na Koyama upande wa Italia wakitumia lira. Binamu akawa mgeni. Safari ya Maulidi ambayo hapo zamani ilihitaji upepo na ruhusa ya baba sasa ilikuwa ni kuvuka mpaka wa dola mbili za Ulaya.

Haikukoma. Watu waliendelea kuja, na katika miaka yake ya mwisho Habib aliiona Riyadha ikiwa chuo kinachotoa walimu kwa pwani nzima, baadhi yao watoto wa wale waliokuwa wamekatazwa kusoma. Alifariki katikati ya miaka ya 1930 na kuzikwa Lamu. Wanawe, akiwamo Sayyid Ahmad Badawi, wakaichukua kazi. Wale wa Mkomani waliompinga walikuwa wameshaanza kuwapeleka watoto wao kutazama, na wajukuu wao leo wanapiga matari kama wengine.

Kilichofuata upande wa kaskazini kilikuwa kizito. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua visiwa vyao vilipovamiwa na wenye silaha, wakafika Lamu na Mombasa bila kitu. Miaka kadhaa walikaa kambini Jomvu. Kwa watoto waliozaliwa Chula au Koyama na kulelewa Mombasa, Maulidi ilikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo wazazi hawakuhitaji kuyaeleza upya. Kasida zilikuwa zile zile. Somalia imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, lakini njia ya bahari kati ya Kismayo na Lamu bado ina ukaguzi, vibali na hofu ambazo nahodha wa 1912 hakuzijua.

Wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita Lamu ingali inajaa. Siku hizi yapo pia mashindano ya punda, ya mashua, ya kuogelea na ya kupaka hina, na watoto wanayapenda kuliko hotuba. Usiku wa Alhamisi Maulidi husomwa mpaka saa nyingi zimepita, udi ukifukizwa na marashi yakinyunyizwa juu ya vichwa, watoto wakinyoosha viganja ili wapate tone. Ijumaa watu huenda makaburini kulizuru kaburi la Habib Swaleh, kisha zefe hutoka huko na kupita ufukweni hadi Riyadha. Wavulana wa madrasa wanatangulia na bendera, kanzu zikiwa zimeshaanza kuchafuka kwenye pindo, na wauza halua wamepanga meza zao njia nzima, kwa sababu jioni hiyo wageni wananunua za kuchukua na kesho yake wanaondoka.