Charles Dow

Charles Henry Dow (6 Novemba 1851 – 4 Desemba 1902) alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani. Pamoja na wenzake alianzisha kampuni ya Dow Jones na gazeti la The Wall Street Journal. Anakumbukwa hasa kwa wastani wa bei za hisa unaobeba jina lake, na kwa maandishi yake kuhusu namna ya kutambua wakati soko linapogeuka, yaani linapoacha kupanda na kuanza kushuka, au kinyume chake.

Maisha

Alizaliwa Sterling, katika jimbo la Connecticut, kwenye familia ya wakulima. Baba yake alifariki Charles akiwa na umri wa miaka sita. Hakupata masomo mengi, lakini akiwa kijana aliingia kazi ya magazeti, kwanza mjini Springfield, Massachusetts, baadaye Providence, Rhode Island.

Mwaka 1879 alitumwa Leadville, Colorado, ambako kulikuwa na migodi ya fedha (madini, si noti). Alisafiri kwa treni pamoja na matajiri waliokwenda kutafuta mahali pa kuweka mitaji yao. Aliandika habari za migodi, za wachimbaji na za mji uliokua haraka kwa sababu ya madini. Anayeijua Nyamongo, wilayani Tarime, hatapata shida kuuwazia mji huo.

Mwaka 1880 alihamia New York. Mwaka 1882 yeye, Edward Jones na Charles Bergstresser walifungua Dow Jones katika chumba cha chini ya ardhi huko Wall Street. Habari ziliandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kupelekwa kwa wateja na matarishi. Gazeti lenyewe lilianza tarehe 8 Julai 1889, likiwa na kurasa 4 kwa bei ya senti 2.

Kampuni iliuzwa kwa Clarence Barron mwaka 1902. Dow alifariki Brooklyn mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51.

Wastani wa hisa

Kabla ya Dow, aliyetaka kujua kama soko limepanda au limeshuka alilazimika kupitia orodha ndefu ya bei, nyingine zikipanda na nyingine zikishuka. Tarehe 3 Julai 1884 Dow alitoa wastani wa kampuni 11, ambazo 9 kati yake zilikuwa za reli. Tarehe 26 Mei 1896 ukafuata wastani wa kampuni 12 za viwanda: bei zilijumlishwa, kisha zikagawanywa kwa 12. Jibu la siku hiyo lilikuwa 40.94. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza, na hapakuwa na siri nyingine.

Kutambua mgeuko

Dow aliufananisha mwendo wa bei na bahari. Kuna maji kujaa na kupwa (mwelekeo mkuu), kuna mawimbi, na kuna viwimbi vya kila siku. Mwaka 1901 alieleza kwamba anayetaka kujua kama maji bado yanajaa huchomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika. Mawimbi yakishindwa tena kukifikia, maji yamegeuka. Mfano huu huwaelea zaidi watu wa pwani kuliko wa Ziwa Victoria.

Tuseme bei imepanda kutoka 100 hadi 120, ikarudi 110, kisha ikafika 130. Kila kilele na kila bonde viko juu kuliko vilivyotangulia, hivyo mwelekeo ni wa kupanda. Ikishuka hadi 118, ikapanda 126 tu, halafu ikaanguka chini ya 118, hiyo ni dalili ya mgeuko. Dow alitaka pia wastani wa reli uthibitishe ule wa viwanda, kwa kuwa kinachotengenezwa lazima kisafirishwe.

Yeye mwenyewe hakuliita wazo hili nadharia. Jina la Nadharia ya Dow lilienezwa na waliomfuata: S. A. Nelson, William Peter Hamilton na Robert Rhea. Tarehe 25 Oktoba 1929, katikati ya anguko la Wall Street, Hamilton aliandika kwamba soko limegeuka. Hata hivyo, mwaka 1933 Alfred Cowles alipima ushauri wa Hamilton wa miaka 1903–1929. Alikuta kwamba aliyeufuata angepata takriban asilimia 12 kwa mwaka, na aliyenunua hisa na kutulia asilimia 15.5. Utafiti wa mwaka 1998 ulimtetea kidogo Hamilton, kwa kuwa njia yake ilikuwa na hatari ndogo zaidi.

Tanzania

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Hisa zake nyingi huuzwa kwa nadra, na bei isiyosogea kwa siku kadhaa huchora mstari ulionyooka usio na kilele wala bonde la kusoma.

Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulimilikiwa na African Barrick Gold, iliyoorodheshwa London mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011, kisha ikaitwa Acacia. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na bei ya hisa hizo ikaporomoka, ingawa North Mara haikuwa ikisafirisha makinikia. Mgeuko huo ulitokana na tangazo, si na kilele kilichoshindwa kufikia kingine. Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zilizobaki na Acacia ikaondolewa sokoni. Tangu hapo bei ya kufuatilia ni ile ya Barrick yenyewe, ambayo imebeba pamoja migodi ya nchi nyingi.