Bobby Jones: Bingwa aliyekataa kucheza rafu ndani ya rafu

Kama kwenu ni Nyakach, huhitaji kuelezwa maana ya neno pap. Kwa Kijaluo ni uwanja, mahali peupe na tambarare. Ndiyo maana jina la Pap Onditi likitajwa, hata ukiwa umebanana na watu kwenye matatu pale Kondele, akili inakwenda kwenye uwanja. Unajua pia jinsi mvua ya masika inavyozifanya nyasi za pembeni. Mpira ukitoka nje unamezwa. Mnautafuta watu kumi, na yule atakayeuona kwanza anaweza kuusukuma kidogo kwa kidole cha mguu hadi mahali pazuri kabla ya kupaza sauti kwamba ameupata. Nani atajua?

Swali hilo la nani atajua ndilo lililompata Mmarekani mmoja mwaka wa 1925, akiwa peke yake kwenye nyasi ndefu huku taji kubwa likimsubiri. Jina lake ni Bobby Jones. Amefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, lakini ukimtaja kwa mtu yeyote anayejua gofu, atanyamaza kidogo kwa heshima.

Najua utasema gofu ni mchezo wa mabosi. Sawa, lakini subiri kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno rafu. Kwenye soka, rafu ni kumchezea mwenzako vibaya, na kadi inatoka. Kwenye gofu, rafu ni zile nyasi ndefu zinazoachwa makusudi pembeni mwa njia iliyokatwa vizuri. Ukipiga mpira ukaenda kombo, unaangukia humo, na humo ni noma. Nyasi zinajifunga kwenye shingo ya fimbo na kuigeuza uso wake, kwa hiyo mpira unaruka kusikotarajiwa. Majani yakiingia kati ya fimbo na mpira, mpira haupati mzunguko wa kutosha, na ukitua haukamatiki, unateleza tu. Ndiyo maana wachezaji wenye akili huingia rafu kwa unyenyekevu: wanachukua fimbo yenye uso uliolala, wanaupiga mpira kwa kuushukia kutoka juu, na lengo lao ni kurudi kwenye nyasi fupi, si kutafuta sifa.

Kuna jambo jingine kuhusu rafu. Mara nyingine mpira haukai chini kabisa. Unaning'inia juu ya majani. Ukiweka fimbo yako nyuma yake, ukayagusa yale majani kidogo tu, mpira unaweza kusogea. Hapo unajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Na kwenye gofu hakuna refa anayekufuata na firimbi. Unajihesabia mwenyewe.

Hapa kwetu Kisumu rafu ina vituko vyake. Klabu ya Nyanza, iliyo karibu na ziwa, inajulikana duniani kwa sheria moja ya enzi za ukoloni: mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aliruhusiwa kudondosha mpira mwingine mahali salama, mradi asijisogeze karibu na shimo, na bila adhabu. Watu wa Ulaya huisoma wakacheka. Wewe unayejua viboko wa Dunga wanavyotoka ziwani usiku kula nyasi, unaona ni busara tupu. Ila angalia kitu kimoja: hata ukiwa umetoka mbio mbele ya kiboko, sheria bado inakuamini kwamba hutaiba hatua mbili kuelekea shimo.

Sasa turudi kwa Bobby. Majina yake kamili yalikuwa Robert Tyre Jones Jr., na alizaliwa Machi 17, 1902, mjini Atlanta, jimbo la Georgia. Alikuwa mtoto wa kuugua ugua, na wazazi wake, baba akiwa wakili, walikuwa wakimpeleka nje kidogo ya mji kwenye uwanja wa gofu wa East Lake apate hewa safi. Hakufundishwa kwa vitabu. Alimfuata nyuma mwalimu wa gofu wa pale, Mskoti aliyeitwa Stewart Maiden, akatazama anavyopiga, akaiga. Akiwa na miaka 14 tu, mwaka wa 1916, tayari alikuwa anashindana na watu wazima kwenye mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa.

Lakini usidhani alizaliwa malaika. Jamaa alikuwa na hasira mbaya. Mwaka wa 1921 alikwenda St Andrews huko Scotland, mahali wachezaji wa gofu wanapopaheshimu kama nyumbani kwa mchezo wao. Mchanga ulimshinda kwenye shimo la 11, akaokota mpira wake na kuyaacha mashindano katikati ya raundi. Mwaka huohuo, kwao Marekani, alirusha fimbo kwa hasira ikampiga mtazamaji, mwanamke, mguuni. Chama cha gofu kikamwandikia barua: jirekebishe, la sivyo hutacheza mashindano yetu.

Alijirekebisha, na haikutokea kwa siku moja. Wakati huohuo alikuwa anasoma kama vile gofu haipo: shahada ya uhandisi wa mitambo Georgia Tech mwaka wa 1922, shahada ya fasihi ya Kiingereza Harvard mwaka wa 1924, na baadaye akasomea sheria kwa muda mfupi na kufaulu mtihani wa mawakili kabla ya kumaliza kozi yenyewe. Gofu hakuilipiwa hata senti. Alibaki mchezaji wa ridhaa hadi mwisho wa siku zake za mashindano.

Mwaka wa 1923 alishinda US Open kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye, 1925, US Open ikachezwa Worcester, jimbo la Massachusetts. Ilikuwa raundi ya kwanza, shimo la 11. Mpira wake ukaangukia kwenye nyasi nene za mteremko karibu na shimo. Akasimama, akaandaa fimbo, majani yakatikisika, na mpira ukasogea. Kidogo sana. Mwenzake wa raundi, Walter Hagen, hakuona kitu. Waamuzi hawakuona. Watazamaji hawakuona.

Jones alisema mpira umesogea, na kwamba anajiongezea mkwaju mmoja. Waamuzi wakauliza huku na huku, wasipate shahidi hata mmoja. Mwishowe wakamwachia mwenyewe uamuzi, na yeye akashikilia palepale. Kadi yake ikaandikwa 77 badala ya 76.

Sasa fanya hesabu. Baada ya raundi nne, Jones alitoka sare na Willie Macfarlane, Mskoti aliyekuwa akifundisha gofu Marekani. Bila ule mkwaju mmoja, kombe lilikuwa lake siku hiyohiyo. Wakacheza raundi ya ziada, wote wakapata 75, sare tena. Wakaongeza nyingine. Macfarlane 72, Jones 73. Akapoteza kwa mkwaju mmoja.

Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, yeye aliudhika. Aliona ni kama kumsifu mtu kwa sababu hajavunja benki. Kwake hilo halikuwa jambo la kupigiwa makofi; ndivyo mchezo unavyochezwa.

Na usidhani uaminifu ulimfanya kuwa mtu wa kushindwa. Mwaka wa 1927 alirudi St Andrews, palepale alipokimbia kwa hasira, akashinda. Mwaka wa 1930 akafanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia: alishinda mashindano yote manne makubwa ya wakati huo kwa mwaka mmoja, mawili Uingereza na Scotland, mawili Marekani. La mwisho alilimaliza Merion mwezi Septemba. Miezi miwili baadaye, akiwa na miaka 28, alitangaza kustaafu mashindano. Alikuwa ameshinda mataji makubwa 13 ndani ya miaka minane, huku akiishi kama mtu wa kawaida mwenye kazi na familia.

Hapa waandishi wengi wa habari zake hufunga daftari. Sisi tusifunge bado, kwa sababu msomaji wa Kisumu ana haki ya kuuliza swali la pili.

Baada ya kustaafu, Jones alianzisha klabu ya Augusta National kule Georgia, pamoja na mfanyabiashara Clifford Roberts, na uwanja ukachorwa kwa msaada wa Alister MacKenzie. Mashindano yake, ambayo leo tunayaita Masters, yalianza mwaka wa 1934. Uwanja ni mzuri ajabu. Lakini kwa miongo mingi Mweusi aliingia pale kama mbeba mifuko au mhudumu. Hadi mwaka wa 1983 wachezaji wote wa Masters walilazimika kutumia wabeba mifuko wa klabu, nao walikuwa Weusi. Mchezaji wa kwanza Mweusi, Lee Elder, aliingia Masters mwaka wa 1975, wakati Jones alikuwa kaburini tayari. Mwanachama wa kwanza Mweusi alikubaliwa mwaka wa 1990, na wanawake wa kwanza mwaka wa 2012. Jones alikuwa rais wa klabu hiyo hadi alipofariki, na hakumbukwi kwa kuupinga ubaguzi huo hadharani.

Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa hali ya namna hiyo. Kwenye klabu za wazungu za enzi za ukoloni hapa Kenya, Mwafrika aliingia kubeba mifuko, kukata nyasi au kupika.

Kwa hiyo tumtazame Jones mzima. Mtu aliyeuona mpira ukisogea unene wa ukucha aliishi katikati ya dhuluma kubwa kuliko uwanja wenyewe, na hapo mkwaju wa adhabu haukuandikwa. Hilo halifuti alichofanya Worcester. Linatuonyesha tu kwamba ni rahisi zaidi kujihesabia ukiwa peke yako na kosa lako kuliko kuhesabu kosa ambalo marafiki zako wote wanafaidika nalo.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka wa 1948 alicheza raundi yake ya mwisho. Ugonjwa adimu wa uti wa mgongo ulianza kumlemaza, akatumia mikongojo, kisha kiti cha magurudumu. Mwaka wa 1958 mji wa St Andrews, ulioona hasira zake akiwa kijana, ulimpa heshima ya kuwa mwana wa mji. Mmarekani wa mwisho kuipata kabla yake alikuwa Benjamin Franklin, miaka karibu 200 nyuma. Jones alifariki Desemba 18, 1971, akiwa na miaka 69.

Wewe huenda hujawahi kushika fimbo ya gofu, na pengine hutashika. Lakini rafu unazo. Pesa za mtu zimeingia kwenye simu yako kimakosa na hajapiga bado. Karatasi ya mtihani imevuja na kundi zima la WhatsApp limeshaiona. Bosi amekutuma kununua vifaa na mwenye duka anakuuliza aandike risiti ya shilingi ngapi. La kwanza linakutaka ujihesabie mwenyewe, kama Jones pale kwenye nyasi. Lile la WhatsApp ni gumu zaidi, kwa sababu linakutaka useme mbele ya marafiki, na hapo hata bingwa alinyamaza. Mpira umesogea, na wewe umeuona. Utaandika ngapi?