Tabibu Aliyepanga Maneno

Ukitaka kulifasiri neno la Kiingereza "grief" utashika lipi: huzuni, simanzi, majonzi ama jitimai? Waingereza nao wana mkururo wao, na aliyewapangia ni Peter Mark Roget. Alizaliwa London mwaka 1779, baba yake akafariki yeye ana miaka minne. Alisomea utabibu Edinburgh, na mwaka 1805 akaanza kujiandikia orodha, maneno yenye kukaribiana maana yakae pamoja.

Huzuni hakuisoma vitabuni tu. Mwaka 1818 mjomba wake Samuel Romilly, aliyekuwa kwake kama baba, alifiwa na mkewe, na siku chache baadaye akajiua. Tabibu aliyekuwa akimwuguza ni Roget huyo huyo.

Orodha ilikaa zaidi ya miaka 40, hata alipostaafu akaikamilisha. Ilichapwa 1852 kwa jina la Thesaurus, yaani hazina. (Waarabu walitangulia: Ibn Sida, kipofu wa Andalusia aliyefariki 1066, naye alipanga kamusi kwa maana.) Kitabu hakielezi tofauti ya neno na mwenziwe, kinayapanga tu, mwandishi achague mwenyewe. Roget alizidi kuongeza maneno hadi uzeeni, akafariki mwaka 1869 ana miaka 90.