Carlton Barrett: Mpiga Ngoma Aliyefunikwa na Kivuli cha Marley

Wasemao mcheza kwao hutunzwa hawakumfikiria Carlton Barrett. Mashabiki wa Bob Marley ni wengi mno, hata katika mabweni yetu. Lakini ukiwauliza ni nani aliyeketi nyuma yake akipiga ngoma, aghalabu hubaki kimya.

Barrett alizaliwa mjini Kingston, Jamaika, tarehe 17 Desemba 1950. Ngoma zake za kwanza alijiundia kwa mikebe mitupu ya rangi. Yeye na kakake Aston, mpigaji wa gitaa la besi, walipitia bendi za Hippy Boys na Upsetters kabla ya kujiunga na Wailers. Peter Tosh na Bunny Wailer walipojitenga, ndugu hawa walibaki.

Ubingwa wake ulikuwa katika kile alichokiacha. Katika muziki wa roki, ngoma kubwa kwa kawaida husikika kwenye pigo la kwanza kati ya manne. Barrett aliliacha pigo hilo wazi, kisha akaiangusha ngoma kwenye la tatu, matoazi yakitetemeka juu yake. Msikilizaji hutarajia kishindo, asikipate, mwili ukainama kukitafuta. Mwanafunzi wa arudhi hatashangaa, kwani anajua kuwa kituo nacho ni sehemu ya ubeti. Sidai kwamba Barrett ndiye aliyeubuni mtindo huo, uitwao One Drop, walikuwapo waliomtangulia. Ila kwa maoni yangu hakuna aliyeupiga kwa utulivu kama wake.

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana. Wimbo "War" wa mwaka 1976, ambao maneno yake yalitokana na hotuba ya Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963, wengi huudhania kuwa utungo wa Marley. Watunzi walioandikwa ni Allen Cole na Carlton Barrett.

Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, Wailers walitumbuiza katika uwanja wa Rufaro, Zimbabwe ikipata uhuru wake. Marley alifariki mwaka uliofuata. Tarehe 17 Aprili 1987, miaka 7 kamili baada ya usiku ule wa Rufaro, Barrett aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Kingston. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 2006 Aston alikwenda mahakamani mjini London kudai mirabaha, yake na ya marehemu nduguye. Kesi hiyo alishindwa.